Medali Ndani ya Nta

Juma lililopita nilikwenda Kanyenye kununua asali ya kikohozi cha mjukuu wangu. Kijana wa dukani alikuwa ameinjika sufuria ya nta uani, na harufu yake ikanipokea mlangoni kabla sijapiga hodi. Nikaketi juu ya gunia la karanga. Yule kijana, mtoto wa watu, akadhani nina njaa, akaniletea chai ya rangi na andazi. Nilikunywa, nikamshukuru, nikaondoka bila kumweleza kitu. Ningeanzia wapi? Bibi mzima, analizwa na nta!

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wa Ntalikwa mnamkumbuka Padre Vilemu. Mnakumbuka na jina tulilompa nyuma ya mgongo wake: Padre Muuza-watu. Tuliliimba tukitwanga, tuliliimba tukichota maji, na wapo wanaolitaja mpaka leo. Majuzi kwenye msiba mmoja pale Ipuli nilimsikia mzee mwenzangu akiwasimulia vijana jinsi padre yule alivyowagawa watu wa kwetu kwa jeshi kama anayegawa viazi. Vijana wakatikisa vichwa. Nami nilikuwa pale pale, na ukweli ninao mimi peke yangu, nikanyamaza. Katika kunyamaza mimi ni bingwa, nimeanza nikiwa na miaka tisa. Sasa mama hayupo, Padre hayupo, na aliyekuwa wa kuumia hayupo tena. Nimeona niandike, maana kalamu haioni haya kama mdomo.

Ilikuwa wakati wa vile vita vya kwanza vya Wazungu. Mdachi, yaani Mjerumani, alikwisha kimbia Tabora, Wabelgiji wakaja wakakaa, kisha akaingia Mwingereza. Kwetu watoto tofauti ilikuwa kofia za askari tu. Vita vyenyewe vilikuwa vimehamia kusini, mbali, lakini vilikuwa bado vinakula. Vilikula mtama wetu na ng'ombe wetu, halafu vikaanza kula watu, kwa sababu huko kusini hapakuwa na reli wala barabara, na kila risasi na kila kopo la nyama lilitakiwa kupanda kichwani mwa mtu. Boma likatafuta wapagazi. Na mpagazi akitafutwa, nani asiyejua kwamba ataanzwa Mnyamwezi?

Mapadre wa Kidachi pale misheni walikuwa wamechukuliwa wote. Aliachwa Padre Vilemu peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa Mholanzi, na Uholanzi, alivyotueleza, haikuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa mrefu, ndevu zimefika kifuani, kanzu yake nyeupe imetiwa viraka magotini. Viatu vilipomwishia alivaa makubadhi ya ngozi ya ng'ombe aliyoshonewa na fundi mmoja Mwislamu wa mjini. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mishumaa ya Ulaya ilikwisha na mingine haikuja. Padre akasema Misa haisomwi bila mshumaa wa nta. Hapo ndipo kaka yangu Maganga alipopata cheo.

Maganga alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga kama arobaini porini, na nyuki walimjua. Alipanda mti kifua wazi, mwenge wa moshi mkononi, akiwasemesha kwa upole kama anayebembeleza mtoto. Tulizaliwa watano tukapona wawili tu, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho, na katikati makaburi matatu. Baba alikwisha kufa. Basi huyo kaka ndiye alikuwa baba, ndiye shamba, ndiye aliyeniletea masega nikayatafuna mpaka mashavu yakauma. Asali alimpa mama, na nta aliipika uani, akaichuja, akaifinyanga madonge makubwa kama ngumi mbili, akaipeleka misheni. Nguo zetu, mikeka yetu, hata uji wetu ulinuka nta.

Padre alikwenda boma kuombea watu wake. Alirudi na ruhusa ya watu kumi na wawili wa kazi za kanisa ambao hawataguswa: walimu wa dini, seremala, mpishi, na mmoja wa nta. Kila mmoja alivikwa shingoni medali ya shaba ya Bikira Maria kwa uzi mwekundu, ili askari wamtambue. Kumi na wawili, kama mitume. Kwa upande wake Padre alikubali kusoma matangazo ya boma kanisani. Hilo la pili sikulijua wakati ule. Nililoliona ni medali inayong'aa kifuani mwa kaka, na mama anayeibusu kila asubuhi kabla hajachochea moto.

Sasa kulikuwa na babu yetu, baba yake mama, tuliyemwita Guku kwa lugha ya nyumbani. Guku alikuwa amefika pwani mara tano enzi za misafara. Alikuwa na alama begani mahali pembe ya ndovu ilipokaa, ngozi ngumu kama ya kisigino, akituruhusu tuiguse kwa zamu. Alituhadithia kirangozi aliyetangulia na manyoya kichwani, ngoma, nyimbo, Ugogo kusiko na maji, na mwisho wake bahari, ambayo alikunywa akidhani ni ziwa. Alirudi na kaniki tatu za bibi na kombe moja kubwa la baharini lililowekwa juu ya kinu siku za sherehe. "Mwanamume asiyeonja maji ya chumvi," alikuwa akisema, "bado yu mgongoni mwa mama yake." Akishasema hivyo anamtazama Maganga.

"Na mishumaa ya Padre atapika nani, Guku?" kaka hujibu akicheka.

"Nta! Kazi ya bibi kizee! Mimi umri wako nilikuwa na pembe hapa." Anajipiga begani.

Kaka alicheka, lakini mimi nilikuwa naona aibu badala yake. Wenzangu kisimani waliniuliza kaka yako ataoa lini, mtu asiyekwenda safari. Nililiweka moyoni.

Jumapili moja, baada ya mahubiri, Padre alitoa karatasi kwenye mkono wa kanzu akaisoma pale pale mimbarini. Serikali inawaita vijana wenye nguvu kwa safari ya kubeba mizigo. Watapewa blanketi, posho na nguo. Watarudi vita vikiisha. Siku ya Jumatano askari watapita vijijini kuwachukua. Alisoma haraka, yeye ambaye hakusoma haraka kitu chochote, na uso ameuinamisha. Wakubwa walielewa. Wanawake walianza kunong'ona na mzee mmoja akatoka nje. Mimi nilielewa vingine. Nilisikia safari, mizigo, nguo. Maneno ya Guku yale yale, na sasa yamesomwa mahali panaposomwa Injili! Kama Padre mwenyewe ameyatamka pale, basi ni mema, tena ni matakatifu.

Baadaye tulisikia kwamba huko mjini sheikh wa msikiti mmoja aliletewa karatasi ile ile aisome baada ya swala ya Ijumaa. Akaigeuza huku na huku, akamrudishia tarishi. "Karatasi hii haina udhu," alisema, "haiwezi kuingia mimbarini." Mji mzima ulicheka. Nadhani na Padre zilimfikia habari hizo.

Jumanne alasiri kaka alikwenda kwenye mizinga. Alipokwenda kurina aliivua medali akaitundika kwenye kijiti ukutani, uzi usije ukanaswa na matawi. Mama alikuwa shambani. Uani palikuwa na madonge ya nta ya kupelekwa misheni, moja bado lina uvuguvugu. Niliitwaa medali, nikaisukuma kwa kidole gumba ndani ya lile donge, na uzi wake wote, nikaziba tundu, nikalainisha kwa mate. Sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa namtafutia kaka yangu kaniki, mke na heshima. Nilijiona nina akili kuliko watu wazima wote wa nyumba ile. Kabla jua halijatua, kijana wa misheni alipita na kikapu akayachukua madonge. Kaka alirudi usiku, amechoka, akalala bila kuikumbuka medali.

Askari walikuja asubuhi na mapema, mama hajachochea moto bado. Wanaume walipangwa mstari nje ya zizi la mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Aliyekuwa na uzi mwekundu alisogezwa pembeni. Walipomfikia kaka, alikuwa anapapasa kifua.

"Medali iko wapi?"

"Nyumbani, afande. Jana niliivua."

"Leo kila mtu ana medali nyumbani," askari alisema, na wenzake wakacheka.

Walimruhusu aingie kuitafuta. Mama alimwaga mtama wote chini, akakung'uta mikeka, akakwangua majivu ya jikoni kwa vidole. Mimi nilisimama mlangoni. Ingetosha niseme neno moja. Sikulisema, kwa sababu nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nangojea ngoma na mwenye manyoya kichwani. Badala yake ilitoka kamba. Waliwafunga viunoni, mmoja baada ya mwingine, na nikajisemea kwamba labda hivi ndivyo safari inavyoanza.

Nilikimbia kando ya mstari mpaka kwenye njia kuu, ile ile ya misafara. "Kaka, uniletee kaniki!" nilipiga kelele.

Aligeuka. Sijui aliniona na furaha ile usoni akafikiri nini. Alisema tu, "Mwambie mama kuna nta kwenye chungu cha nyuma, asiiache ikaungua."

Niliporudi Guku alikuwa ameketi chini mavumbini, mtu aliyezoea kiti chake. "Safari haina kamba," alisema. Alilisema tena na tena, kwa Kinyamwezi, kwa sauti ndogo. Tangu siku ile hakuhadithia pwani tena, na lile kombe sikuliona juu ya kinu. Moyo wangu ukaanza kupata baridi, ingawa sikujua bado ni kwa nini.

Mama alikuwa ametuma mtu misheni. Padre alitoka mbio na makubadhi yake mpaka stesheni, lakini garimoshi lilikwisha ondoka. Akaenda boma. Huko aliambiwa mtu mmoja ni mtu mmoja, na kwamba kama nafasi ya nta iko wazi, amtaje mwingine. Alikataa majuma mawili. Kisha, mishumaa ilipokwisha, alimtaja mwingine, naye kwa bahati mbaya alikuwa mtoto wa mwanangwa. Hapo maneno yakapata miguu. Kumbe! Mtoto wa mjane ametolewa ili wa mkubwa aingie. Jina la Muuza-watu lilianzia hapo, na aliyelitamka wa kwanza ni mama yangu.

Nakumbuka Jumapili ile. Watu wanatoka kanisani, mama anaingia, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kulima, mimi nimeshika pindo lake. Hakumtolea hata "Tumsifu Yesu Kristo."

"Padre, mwanangu umemuuza kwa bei gani?"

Watu walisimama. "Mama Maganga," Padre alianza, "mimi sikumtoa Maganga."

"Medali uliitwaa! Ulimtuma nani aje kuiiba nyumbani kwangu? Sema mbele ya watu! Sema!"

Padre alifumbua mdomo. Kisha alinitazama mimi, pale chini, kwa muda mrefu. Akaufumba. Mimi nilidhani maneno ya Kiswahili yamempotea, kwani ilimtokea mara nyingine. Mama alitema mate kwenye kizingiti, akanishika mkono, tukaondoka. Hakuingia tena kanisani maisha yake yote, ila mimi aliniacha niendelee na mafundisho, kwa sababu baba alikuwa ameniwekea nadhiri kabla hajafa.

Mvua za pili zilipokwisha alirudi mtu mmoja wa kijiji cha jirani, miguu imemvimba, hana blanketi wala nguo ya maana. Alikuja kutuambia. Maganga alikufa kwa tumbo la damu, njiani, huko kusini, mvua inanyesha. Hawakuwa na jembe. Walimfunika kwa matawi wakaendelea, kwa kuwa msafara haukusimama. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na kila alipomtaja Maganga alimtaja na Padre.

Siku ya maungamo yangu ya kwanza nilipiga magoti, na upande wa pili wa kile kidirisha cha matete nilisikia pumzi yake. Nilisahau yote tuliyofundishwa kusema. "Padre, nimemuua kaka yangu."

Hakushtuka. Nilimweleza: kijiti, nta, kidole gumba.

"Kwa nini ulitaka aende?" aliuliza.

"Guku alikwenda akarudi na kaniki. Na wewe ulisoma, Padre. Ulisomea pale pa Injili."

Nikamsikia analia. Sikuwa najua kwamba mapadre hulia. "Wewe ni mtoto, ulikosea," alisema, neno moja moja. "Mimi si mtoto. Niliogopa kupoteza kumi na wawili, nikawasomea wengine wote. Dhambi yako ni ndogo, mwanangu. Hii nyingine niachie mimi."

Chini ya kidirisha palikuwa na upenyo. Mkono wake ukapita pale, na juu ya kiganja ilikuwako medali, uzi wake umegeuka mweusi kwa moto. "Niliikuta chini ya chungu, nilipoyeyusha nta, juma lile lile," alisema.

Juma lile lile! Basi mama alipomtemea mate mlangoni alikuwa nayo tayari. Angeweza kuitoa mfukoni, akaonyesha watu, jina lake likasafika. Alinitazama mimi, akachagua.

"Malipizi yako ni haya," alisema. "Siku utakapopata nguvu, mwambie mama yako. Si leo. Siku utakapopata nguvu."

Boma lilileta karatasi nyingine baada ya hapo. Padre aliikunja mbele yetu sote, akairudisha kwenye mkono wa kanzu. "Mwenzangu wa mjini alisema kweli," alisema. "Haina udhu." Waliokuwapo hawakucheka. Wengi walisema amechelewa, na ni kweli alichelewa.

Mimi nguvu sikuzipata. Niliolewa nikiwa sijazipata, nikazaa wawili. Kila nilipokwenda kumsalimia mama nilijiambia leo, na kila mara nilimkuta ana furaha kidogo, nikasema nisiiharibu, au ana huzuni, nikasema nisiizidishe. Padre nilikutana naye njiani mara nyingi, amezeeka, ameshika fimbo. "Tumsifu Yesu Kristo," nasema. "Milele amina," anajibu, ananitazama, anapita. Hakuniuliza hata siku moja.

Alipokufa nilitoka kwangu alfajiri kwenda mazikoni, medali nimeifunga kwenye pindo la kanga. Safari hii nilikuwa nimeapa. Nitapitia kwa mama kwanza, nimwambie, twende naye, angalau amtupie udongo. Kengele ya misheni ilikuwa inalia. Kijiji kizima kilikuwa kimya, vinu vyote vimelazwa, maana mnajua kwetu msiba ukiwapo hakuna anayetwanga. Kasoro nyumba moja. Nilisikia kile kinu tangu mbali: puu, puu, puu, kinajibu kengele.

Mama alikuwa uani, mzee, jasho linamtoka, anatwanga mtama usiohitajiwa na mtu.

"Mama," nilisema, "nina neno."

Hakusimamisha mchi. "Kama ni la yule mzee, liache huko huko."

Nilisimama. Nilikuwa nimeshika lile fundo kwenye pindo la kanga, naisikia medali kwa vidole. Kengele ikalia tena. Mchi wa pili ulikuwa umeegemezwa ukutani, ule niliokuwa nikiutumia nikiwa msichana. Nikauchukua. Tukatwanga wawili, kwa zamu, kama zamani, mpaka kengele ikanyamaza.

Mama akafuta jasho, akanitazama kwa upendo ambao sikuwa nimeuona tangu Maganga achukuliwe. "Mwanangu," alisema, "ni wewe tu hujanificha kitu."